Mihadhara Minane juu ya Vyuo Vikuu na Uchumi: Hodari wa Kueleza, Mwepesi wa Kudai

Juma hili nimemaliza kozi ya mtandaoni yenye mihadhara minane inayofuatilia uhusiano wa vyuo vikuu na ukuaji wa uchumi tangu Zama za Kati barani Ulaya hadi leo. Nilijiandikisha kwa ajili ya swali moja: je, nchi hutajirika kwa sababu zina vyuo vikuu, au hujenga vyuo vikuu kwa sababu zimekwisha kutajirika? Utangulizi wa kozi unaahidi jibu. Jibu kamili sikulipata, lakini mihadhara miwili inalikaribia sana, na kwa ajili ya hiyo siujutii muda nilioutumia.

Mhadhara wa pili ndio bora kuliko yote. Unaanzia Bologna, Italia, ambako kwa mapokeo chuo kikuu kilianza mwaka 1088, na unaonyesha kwamba mchango wa kwanza wa vyuo kwa uchumi haukuwa mashine bali sheria. Wanafunzi walisoma sheria ya Kirumi iliyokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian, wakarudi makwao kuwa makarani, mahakimu na washauri wa miji, na mfanyabiashara aliyetaka kumkopesha mtu wa mji wa mbali akapata lugha ya mkataba ambayo pande zote mbili ziliielewa. Kisha inakuja hoja iliyonifanya nisimamishe video na kuirudia. Mwaka 1378 Kanisa Katoliki liligawanyika kati ya papa wa Roma na papa wa Avignon. Ufaransa ikamfuata wa Avignon, watawala wengi wa Ujerumani wakabaki na wa Roma, na wasomi wa Kijerumani waliokuwa Paris wakajikuta hawana pao. Papa wa Roma akaruhusu vyuo vipya vifunguliwe katika nchi za Ujerumani, kikiwemo cha Heidelberg mwaka 1386 na cha Köln mwaka 1388. Wachumi Davide Cantoni na Noam Yuchtman walipochunguza ruhusa za kufungua masoko katika miji zaidi ya 2,000 ya Ujerumani, waliona kwamba mwenendo wa kuanzishwa kwa masoko ulibadilika na kupanda baada ya vyuo hivyo kufunguliwa, hasa katika miji ambayo safari ya kwenda chuoni ilifupika zaidi. Kinachoupa mfano huu nguvu ni kwamba vyuo vilizaliwa na ugomvi wa mapapa, si na neema ya biashara. Hivyo ile hofu ya kulichukua tokeo kuwa ndilo sababu inapungua sana, ingawa haiishi.

Ningependa hapo hapo msikilizaji apewe zaidi ya sentensi moja juu ya Al-Qarawiyyin ya Fez nchini Morocco, iliyoasisiwa mwaka 859, na Al-Azhar ya Kairo, kwani namna elimu ilivyoendeshwa kwa mali ya wakfu ni somo la uchumi peke yake. Mhadhiri anazitaja, kisha anapita.

Mhadhara wa tano, unaohusu kemia, nao ni wa kiwango cha juu. Unaanzia katika maabara ya mkemia Justus von Liebig mjini Giessen, Ujerumani, ambako kuanzia miaka ya 1820 wanafunzi walijifunza kwa kufanya majaribio wenyewe badala ya kumtazama mwalimu akiyafanya. Mwanafunzi wake August Wilhelm von Hofmann akaenda kufundisha London, na huko msaidizi wake wa miaka 18, William Perkin, akagundua rangi ya zambarau mwaka 1856 alipokuwa akitafuta kwinini. Uingereza ilipata rangi, lakini Ujerumani ndiyo iliyokuwa na wakemia. Mmoja wao, Adolf von Baeyer, alifaulu kutengeneza nili, rangi ya buluu iliyokuwa ikitolewa kwenye mmea wa mnili, maabarani mwaka 1880, na kampuni ya BASF ikaiingiza sokoni mwaka 1897, pigo ambalo kilimo cha mnili nchini India hakikupona. Ile miaka 17 kati ya maabara na soko inastahili kusikika na kila anayedhani kwamba utafiti hulipa msimu unaofuata.

Udhaifu mkubwa uko katika mhadhara wa nne, unaodai kwamba vyuo vikuu ndivyo vilivyowasha moto wa mapinduzi ya viwanda. Katika karne ya 18 England nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, Oxford na Cambridge, tena vyote viliwabana wasiokuwa waumini wa Kanisa la Anglikana. Thomas Newcomen, aliyebuni injini ya mvuke, alikuwa muuza vyuma, Richard Arkwright wa mashine za kusokota pamba alikuwa kinyozi na mtengenezaji wa nywele bandia, na George Stephenson, mjenzi wa reli na garimoshi, hakujua kusoma mpaka alipofikia umri wa miaka 18. Mhadhiri anaukwepa ukweli huu kwa kukimbilia Uskoti, kwa James Watt, aliyeiboresha injini ya mvuke, na Chuo Kikuu cha Glasgow. Mfano ni wa kweli, lakini hausemi anachotaka useme. Watt hakuwa mwanafunzi wala mwalimu. Alikuwa fundi wa vifaa vya kupimia ambaye chuo kilimpa chumba cha kufanyia kazi, na mwaka 1763 kikampa mfano mdogo wa injini ya Newcomen aurekebishe. Kilichomfaa kilikuwa karakana, vifaa na mazungumzo na Joseph Black, mtaalamu wa joto. Hiyo ingekuwa hoja nzuri kuliko ile iliyotolewa: kwamba chuo kinaweza kukuza uchumi bila kumtunuku mtu shahada.

Marekani inaelezwa vizuri lakini kwa haraka: sheria ya Morrill ya mwaka 1862 iliyoyapa majimbo ardhi ya kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi, vituo vya majaribio ya kilimo vya mwaka 1887, kisha Chuo Kikuu cha Stanford na Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia, habari ambayo wengi tumekwisha kuisikia.

Mhadhara wa mwisho unaleta takwimu za wachumi Anna Valero na John Van Reenen, waliokusanya habari za vyuo vikuu karibu 15,000 katika nchi 78 na kukuta kwamba ongezeko la asilimia 10 la idadi ya vyuo katika eneo huandamana na ongezeko la takriban asilimia 0.4 la pato kwa kila mtu. Mhadhiri anasema vyuo “huleta” ongezeko hilo. “Huandamana” ndilo neno alilopaswa kulitumia, na baada ya umakini wa mhadhara wa pili sikutegemea ateleze hapo.

Kuhusu huduma yenyewe, sauti ni safi na ramani zinasomeka hata kwenye simu. Mtihani wa kupata cheti, hata hivyo, unauliza miaka ya kuanzishwa kwa vyuo na karibu hauulizi sababu yoyote. Mwenye muda mchache asikilize wa pili na wa tano, halafu wa nne akiwa na kalamu mkononi.