Lubiri ya Mengo, Kampala: uzoefu wangu wa kutembelea kasri la Kabaka

Kutoka Bukoba hadi Kampala kupitia mpaka wa Mutukula ni safari ninayoifanya mara kwa mara kwa ajili ya biashara, lakini kwa miaka yote hiyo sikuwahi kupanda kilima cha Mengo kuiona Lubiri, yaani kasri la mfalme wa Buganda. Safari hii niliongeza siku moja kwa kusudi hilo tu, na ninaandika haya kwa manufaa ya yeyote anayefikiria kufanya vivyo hivyo.

Nianze na kosa la kuepuka. Kampuni moja ya utalii iliniuzia ziara ya saa moja na kuniahidi kwamba nitaingia ndani ya kasri na kuona vyumba vya mfalme. Haikuwa kweli. Jengo la Twekobe ni makao rasmi ya Kabaka, na mgeni hulitazama kutoka nje. Nilipolielewa hilo niliachana na gari lao, nikaenda Bulange, ambako ndiko bunge la Buganda, Lukiiko, linakokaa, nikakata tiketi yangu mwenyewe na kuamua kwenda kwa miguu. Ninamshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu barabara yenyewe ni sehemu ya ziara. Inanyooka kutoka Bulange hadi lango la Lubiri kwa umbali wa karibu maili moja, na kandokando yake zimepangwa sanamu za miziro, yaani viumbe walio alama za koo za Baganda. Neno muziro tunalo hata sisi Wahaya, kwa hiyo nilijiona niko kwa ndugu. Kuna Nkima, ambaye ni tumbili. Ffumbe, ambaye ni fungo. Na Mmamba, ambaye si mamba tunayemjua kwa Kiswahili bali ni samaki kamongo. Katikati ya njia kuna mzunguko wenye lango ambalo hupitwa na Kabaka peke yake: yeye hunyoosha moja kwa moja, wengine wote huzunguka pembeni.

Ndani ya ukuta nilipokewa na mwongozaji mwenye umri mkubwa. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanyamaza kidogo kabla ya kuitikia, kisha akanieleza kwa upole, "Ssebo, sisi tulipokuwa vijana, lugha hiyo tuliisikia kwa askari." Sikujua la kumjibu zaidi ya kusema, "Pole, mzee." Baada ya hapo aliendelea kwa Kiswahili hichohicho, chenye lafudhi ya Kiganda, na sijawahi kusimuliwa historia kwa makini namna ile.

Alianzia tarehe 24 Mei 1966, siku ambayo majeshi ya Milton Obote, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Uganda, yakiongozwa na Kanali Idi Amin, yaliishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II, ambaye alikuwa pia Rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta akatoroka, akafia uhamishoni London mwaka 1969, na mwili wake ukarejeshwa mwaka 1971. Mwaka 1967 falme zilifutwa, na pale tulipokuwa tumesimama pakawa kambi ya jeshi kwa miaka mingi. Kabaka wa sasa, Ronald Muwenda Mutebi II, alitawazwa mwaka 1993, falme ziliporudishwa.

Kisha tukashuka mteremkoni hadi kwenye handaki la zege ambalo lilijengwa kama ghala la silaha na kugeuzwa kuwa mahali pa kutesea na kuulia watu katika utawala wa Amin. Ni ukumbi mrefu wenye vyumba upande mmoja, giza, na ukutani bado kuna maandishi ya mkaa ya watu waliofungiwa humo. Mzee alieleza kwamba maji ya pale mlangoni yalitiwa umeme ili asiwepo wa kutoroka. Hapo nilikaa kuliko mahali pengine popote. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, baba yangu aliikimbia Kyaka akiwa na wazazi wake na mbuzi mmoja, na simulizi hiyo nimeisikia tangu utotoni kama jambo lililotupata sisi wa upande wetu wa mpaka. Ndani ya handaki lile ndipo nilipoelewa kwamba watu wa Kampala walikuwa wameishi na hofu ileile kwa miaka kadhaa kabla ya risasi kufika kwetu.

Kwa hiyo, usiende Lubiri kutafuta dhahabu na mazulia, maana hutaviona. Tenga saa tatu kamili, mwachie mwongozaji amalize maelezo yake, na uvae viatu visivyoteleza kwa ajili ya njia ya kushukia handakini, hasa mvua ikiwa imenyesha. Watoto wadogo ningewaonyesha sanamu za miziro na viwanja, lakini nisingewashusha kule chini. Raia wa Afrika Mashariki abebe kitambulisho chake, kwa kuwa kiingilio chetu ni nafuu kuliko cha wageni wa mbali.

Mimi nitarudi na baba. Nimeshamwambia kwamba atahitaji fimbo yake, na kwamba pale njia inapoanza kushuka nitamshika mkono.