DSLR yangu inapenda masikio kuliko macho

Mpwa wangu ana picha nzuri sana za sikio. Sikio la kushoto limetoka safi mpaka vinyweleo vinahesabika. Macho, ambayo ndiyo niliyoyalenga, yamejaa ukungu. Nikarudia, sikio. Nikabadili upande wa dirisha, sikio tena, safari hii la kulia. Kamera yenyewe haina hata aibu: unalenga jicho, inalia tiit, kitaa kinawaka kwamba tayari, halafu inakwenda kwingine.

Megapikseli na kasi ya kupiga mfululizo mtazisoma kwenye boksi. Mimi nina ugomvi mmoja na hii kamera, na mwingine mkubwa zaidi na watu wanaoihudumia.

Ndani ya DSLR, yaani kamera ya vioo inayobadilishwa lenzi, mwanga hupita njia mbili. Kioo kikubwa huurusha juu kwenye prizma ili uone unachopiga, na kioo kidogo kilicho nyuma yake hushusha sehemu ya mwanga huo kwenye sensa ya fokasi, ile inayopima ukali uangukie wapi, iliyofichwa chini. Picha yenyewe inanaswa na sensa nyingine, huko nyuma, baada ya vioo vyote kunyanyuka. Kwa hiyo anayepima siye anayepiga. Urefu wa njia hizo ukitofautiana hata kidogo tu, fokasi inaangukia nyuma ya ulichokilenga, au mbele yake. Ukipiga kwa kutumia skrini, vioo vinakuwa vimeshanyanyuka na sensa ya picha inajipimia yenyewe, hivyo kosa hilo halipo.

Nikaifunga kwenye tripodi, nikalaza rula kwa mshazari, nikaweka lenzi ya 85mm kwenye f/1.8, yaani tundu lake likiwa wazi sana. Kwa kuchungulia kwenye kitundu, alama niliyoilenga imefifia na ukali wote uko nyuma yake. Kwa skrini, alama ileile imetoka kali kama wembe. Tripodi haijasogea, taa ni ileile, mkono wangu hauhusiki. Ukifunga lenzi hadi f/8 ugonjwa unajificha, kwa sababu eneo linaloonekana kali linapanuka na kulimeza kosa. Nadhani ndiyo maana wengi wenye lenzi iliyokuja na kamera hawalalamiki. Lakini nani ananunua lenzi ya f/1.8 ili apige f/8?

Kamera za daraja la juu zina sehemu kwenye menyu ya kurekebisha hili mwenyewe, lenzi moja moja, mara nyingi kutoka -20 hadi +20. Yangu wameinyima. Kwenye tangazo ni kamera ya "mpigapicha makini", ila makini huyo hakuaminiwa kushika bisibisi ya kwenye menyu.

Basi nikaipeleka kituo cha huduma, dhamana ikiwa bado hai. Kijana wa kaunta akapiga ukuta ulio mbele yake, kwa f/8, akaikuza picha, akatabasamu. "Dada, mbona nzima? Hizi kamera zina wenyewe. Jaribu kwanza kuizoea."

Zina wenyewe! Nikamwonyesha picha za rula. Hakuzitazama. Akaniuliza kama nimewahi kufikiria kutumia simu, maana simu za siku hizi zinapiga vizuri. Nilikaa kimya kwa sababu ningefungua kinywa pale tungeitiwa mlinzi. Waliibakiza, na baada ya kitambo ikarudi na karatasi: imekaguliwa, iko ndani ya viwango. Viwango vya nani, hawakuandika.

Nilirudi majuzi, nikakataa kuongea na mtu yeyote wa kaunta mpaka aje fundi. Akatoka mzee mmoja mtaratibu, akaangalia rula, akasema, "Mama, hii imekosea kweli," akaondoka nayo. Iliporudi, jamani! Macho. Kope moja moja. Hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini niliitaka DSLR: unaona tukio lenyewe kwa jicho lako, halicheleweshwi na skrini, na betri inadumu kutwa nzima. Nilitaka kuifuta hasira yote iliyo hapo juu na kuwaambia mkanunue.

Kisha nikavalisha lenzi ya 50mm, ambayo siku zote ilikuwa haina tatizo. Sasa inapiga pua.

Maana yake fundi wangu mpole aliivuta bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ifuate lenzi moja, badala ya kuzileta bodi na lenzi zote kwenye kipimo kimoja. Kwa hiyo msinunue. Au nunueni kama mnapiga mandhari na mna lenzi za kawaida, hamtaiona kasoro hii. Kwa picha za nyuso kwa lenzi zenye mwanga mwingi, tafuta yenye ile menyu ya kurekebisha, au nenda kwenye kamera zisizo na kioo, ambazo hupima fokasi kwenye sensa ileile inayopiga na ugonjwa huu hauzijui. Yangu siiuzi, msiniulize.

Ukienda kituoni, peleka bodi na lenzi zote kwa pamoja, na udai karatasi inayosema walirekebisha nini. Mimi narudi tena wiki ijayo, na nikimkuta yule kijana nitamwomba akae nimpige kwa f/1.8, kwa 50mm hii hii, aone uso wake.