Mtego wa kizimba wa kunasa kanu na nguchiro: tathmini kutoka shambani Kayenze

Mtego ninaoutathmini hapa ni kizimba cha chuma na wavu kilichotengenezwa na karakana moja ya kuchomelea vyuma jijini Mwanza, kwa kuiga vipimo vya mitego inayouzwa Marekani kwa ajili ya kunasa rakuni akiwa hai. Rakuni ni mnyama wa huko, mwenye alama nyeusi machoni na mkia wa pete, anayeingia mabandani na kwenye mapipa ya taka usiku; kwetu hayupo. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria kazi yake inafanywa na kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoa na mkia wa pete, pamoja na nguchiro na fungo, na mfugaji wa kuku wa kienyeji anayeishi karibu na majabali ya Kayenze, Igombe au Magu hahitaji kuelezwa hasara yake.

Kizimba kina urefu wa sentimita 81, upana wa 25 na kimo cha 30, mlango mmoja, na mpini juu wenye bati chini yake ili anayekibeba asing'atwe vidole. Ndani kuna kibao cha kukanyaga kilichounganishwa kwa fito nyembamba na kishikizo cha mlango. Mnyama anapokifuata chambo hadi mwisho wa kizimba huweka mguu juu ya kibao, kishikizo kinachomoka, mlango unaporomoka kwa uzito wake na pingili ya chuma inadondoka nyuma yake kuuzuia usisukumwe kutoka ndani. Hakuna meno ya chuma wala kitanzi cha waya. Sifa hiyo peke yake ilinitosha kutoa fedha, kwa sababu nimeona kitanzi cha waya kinavyofanya: hakichagui, na mbuzi mchanga au mbwa wa jirani hunaswa sawasawa na mwizi wa kuku. Sumu ya shambani inayopakwa kwenye nyama ni mbaya kuliko kitanzi, kwa kuwa anayekula mzoga naye hufa, awe mbwa au tai, na mtoto anayeokota kilichobaki yumo hatarini. Mtu anayetega sumu ili kuokoa mitetea yake hajaokoa chochote.

Nililipa shilingi 120,000 kwa kizimba chenyewe. Kama kilivyotoka karakana, hata hivyo, nisingemshauri mtu akitumie bila kukirekebisha, na sababu ni kwamba fundi aliiga vipimo bila kuzingatia mnyama wetu. Rakuni mzima huwa na kilo nne hadi tisa. Kanu ana kama kilo mbili, na nguchiro wengi wa mabanda yetu ni wepesi kuliko kanu. Kibao kilikuwa kizito kiasi kwamba nguchiro alikula yai juu yake na kuondoka zake, tukabaki na maganda. Fundi alipunguza msuguano kwa kupiga msasa kwenye ncha ya kishikizo na kuipaka mafuta, na tangu hapo kibao kinaitikia hata uzito mdogo. Wavu nao ulikuwa na matundu ya inchi moja, ambayo kwa mnyama mdogo ni makubwa: anaingiza pua na meno humo, anavuta waya kwa hasira na kujikwaruza midomo hadi kutokwa damu. Niliomba kiongezwe ndani wavu wa nusu inchi, na ncha zote za waya zikunjiwe nje. Baada ya hapo sijaona mnyama aliyetoka na jeraha la mdomo.

Kasoro iliyonisikitisha zaidi ilihusu makali ya mlango. Kenge wa ziwa hupenda mayai, na mmoja mdogo aliingia mchana kabla kizimba hakijafungwa. Mlango uliporomoka juu ya mkia wake, pingili haikufika mahali pake, na yeye akarudi kinyumenyume akijisukuma kwa kucha mpaka akatoka, magamba machache yakiwa yamebanduka kwenye ukingo wa bati. Tangu siku hiyo ukingo wa mlango umevikwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ulioshonewa kwa waya mwembamba kutoka nje. Karakana ingeweza kuufanya mpira huo kuwa sehemu ya bidhaa kwa gharama isiyofika hata bei ya trei ya mayai, nami naitaka iwe hivyo.

Chambo kinahitaji kufikiriwa kuliko wanavyoeleza wauzaji. Kwa sababu tuko Mwanza, wengi hukimbilia mapanki ya sangara, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kutolewa, au dagaa wa soko la Mwaloni, na ni kweli kwamba harufu yake inafika mbali. Lakini inafika pia kwa paka wote wa mtaa, na jambo zito zaidi ni siafu. Mnyama aliyefungwa kwenye kizimba hana pa kukimbilia siafu wanapofuata samaki, na kifo cha namna hiyo ni kirefu na cha maumivu makali. Mimi situmii samaki kabisa wakati wa mvua, siafu wanapohama kwa misafara. Yai moja lisilopasuka, likiwekwa nyuma ya kibao, humvuta nguchiro. Kanu huja kwa bawa la kuku lenye manyoya yake. Fungo hupenda papai lililoiva hadi kulainika, na hilo halimwiti paka.

Mahali pa kuweka kizimba pana uzito sawa na chambo. Majabali yetu hushika joto, na chuma kikipigwa na jua la saa sita juu ya jiwe tupu kinaweza kumuua mnyama kabla mwenye shamba hajarudi kutoka mjini. Kizimba kikae kivulini, juu ya udongo, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa gunia, na kikaguliwe alfajiri bila kukosa. Asiyeweza kuamka alfajiri asitege. Kwa kuwa kanu hutembea usiku na nguchiro mchana, inawezekana kuamua unamtafuta nani: mlango ukifungwa kwa waya kuanzia asubuhi hadi jioni, nguchiro na kenge hawasumbuliwi bure.

Kuhusu sheria nieleze wazi, kwa sababu muuzaji hakuniambia. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kuwakamata kunahitaji kibali hata kama mnyama yumo ndani ya uzio wako. Niliripoti kwanza kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, naye alikuja, akalikagua banda, akaelekeza namna ya kutega na akataka kupigiwa simu kila atakaponaswa mnyama. Huduma hiyo naithamini kuliko kizimba chenyewe.

Alipopigiwa simu kuhusu kanu wa kwanza alifika mapema. Mnyama alikuwa amejikunja kwenye kona chini ya gunia, mkia wenye pete ukiwa umezunguka miguu yake. Ofisa aliinua gunia taratibu, akamulika tochi pembeni asimwangaze machoni, akatazama tumbo lake kwa muda.

“Mama, huyu ananyonyesha,” alisema. “Tukimpeleka mbali, watoto wake watafia humu kwenye mawe.”

“Na kuku wangu, mwanangu?”

“Kuku wako wanaokolewa na banda, mama. Tazama pale juu, chini ya bati.”

Palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja kati ya ukuta na paa. Tuliiziba siku ileile kwa wavu wa nusu inchi uliobaki, tukachimbia wavu mwingine chini ya ukuta, na jioni kanu akafunguliwa palepale aliponaswa. Kuku wa banda lile hawajaguswa tena.

Hapa ndipo nilipofikia maoni yangu kuhusu kuhamisha wanyama, jambo ambalo wauzaji wa mitego hulitaja kana kwamba ni sehemu rahisi ya kazi. Kanu au nguchiro anayeachiwa mbali huingia kwenye eneo lenye wenyewe. Hajui maji yako wapi wala pa kujificha mbwa wakija. Nguchiro wanaoishi kwa makundi huachana na jamaa zao, na hawapokelewi kwa urahisi na kundi geni. Pango alilolihama nalo halikai tupu, kwa sababu kilichomleta, yaani kuku waliolala mahali palipo wazi, bado kipo, na mwingine atakifuata. Kuna pia magonjwa. Katika miaka ya 1970 rakuni waliosafirishwa kutoka kusini-mashariki mwa Marekani hadi mpakani mwa Virginia na West Virginia, kwa faida ya wawindaji, walikwenda na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukasambaa kwa rakuni wa majimbo ya mashariki. Ndiyo maana majimbo mengi ya huko hayaruhusu mwenye shamba kumnasa rakuni na kwenda kumwachia popote apendapo, ingawa mitego inauzwa dukani.

Watu wa ziwa hili wana mfano wa kuhamisha wanyama kulikofaulu, nao ni kisiwa cha Rubondo, ambako sokwe 17 kutoka Ulaya waliachiwa kati ya mwaka 1966 na 1969 na uzao wao unaishi humo hadi leo. Lakini kilikuwa kisiwa chenye msitu, kisichokuwa na sokwe wengine wa kuwafukuza, na kazi ilifanywa kwa mpango na wataalamu. Kumbeba kanu kwenye pikipiki hadi upande wa pili wa kilima si kazi ya namna hiyo. Mnyama akilazimika kuondolewa, ofisa ndiye aamue aende wapi.

Kichaa cha mbwa kinatuhusu sisi pia, kwani nguchiro na kanu wanaweza kukipata. Glavu za ngozi nene zinunuliwe pamoja na kizimba, na mkono usiingizwe ndani kwa sababu yoyote. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo.

Kwa mfugaji mwenye banda moja au mawili, anayelala shambani na aliye tayari kumpigia simu ofisa, kizimba hiki, kikiwa na wavu wa nusu inchi, kibao chepesi na mpira mlangoni, ni ununuzi mzuri. Kinamwonyesha mwizi ni nani na anaingilia wapi, bila kumtoa roho. Rangi ilianza kubanduka mapema kwa sababu ya unyevu wa ziwa, na kutu ikaonekana kwenye viungio. Koti moja la rangi ya kuzuia kutu lilimaliza tatizo.

Kwa anayesumbuliwa na tumbili kwenye mahindi au ndizi, kisinunuliwe kabisa. Tumbili huja kwa kundi, mmoja akinaswa wengine huzunguka kizimba wakipiga kelele, na mlango huu mwembamba hauwezi kustahimili mikono inayovuta kutoka nje. Fundi ameniambia anaweza kutengeneza kikubwa zaidi. Nimemwomba asikiuze kwa mtu yeyote kabla ofisa wanyamapori hajakiona.