Leseni ya kufundisha au kusomea ualimu kwanza?

Mdogo wangu ana shahada ya biashara, na shule moja ya msingi ya binafsi hapa Kasulu, mkoani Kigoma, iko tayari kumpa Darasa la Pili afundishe. Wiki nzima tumelijadili jambo hili.

Leseni ni njia ya haraka. Sheria ya Elimu ya 1978 inatoa nafasi kwa asiyesomea ualimu kufundisha kwa leseni. Mshahara unaanza mapema, na nyumbani tunauhitaji. Ila leseni ina muda wake, na mtu anabaki akiwaza kesho yake.

Kusomea ualimu kunachelewesha, tena ada ni mzigo. Lakini ukishahitimu unasajiliwa kama mwalimu kamili, na ajira za serikali zikitangazwa unaomba kwa cheti chako. Tangu 2018 ipo pia sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, chombo cha kusimamia walimu, kwa hiyo taaluma hii inazidi kubanwa.

Juzi nilimkuta akimsaidia mtoto wa jirani anayeandika “b” badala ya “d”. Alimsahihisha mara nne, mtoto akaanza kulia. Mama yetu, mwalimu mstaafu, akamshika mtoto kidole, wakaichora herufi kwenye mchanga taratibu. Dakika tano tu, akaweza. Ujuzi ule hauji na leseni.

Nimemwambia aichukue leseni, na papo hapo ajiandikishe Stashahada ya Uzamili katika Elimu, yaani kozi ya ualimu kwa mwenye shahada ya fani nyingine. Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma, atasoma huku anafundisha.