Instagram au stetasi ya WhatsApp: mteja wa mtaani yuko wapi?

Chukua mwoka keki wa Sinza, Dar es Salaam. Ana simu moja, bando la wiki na muda mchache. Aanzie wapi?

Instagram inamfikisha kwa watu wasiomjua. Video fupi ya krimu ikipakwa, akiweka na jina la eneo, inaweza kumfikia mtu wa Tabata anayetafuta keki ya kipaimara ya Jumamosi. Na picha zinabaki: mteja anashuka mpaka kazi za mwaka jana, anajiridhisha. Shida ni kwamba wengi wanaotazama hawanunui; wako Mwanza, au wanapenda tu kutazama. Halafu kuna ule ugonjwa wa "bei njoo DM", yaani uulize kwa ujumbe wa faragha. Andika bei, bwana! Mtu akiona umeificha, anahamia kwa mwingine.

Stetasi hupotea baada ya saa 24, na kwa kawaida anayeiona ni yule tu ambaye mmehifadhiana namba. Unaweza kuona huo ni udhaifu, lakini hao ndio wanunuzi wenyewe: jirani, mama wa kikoba, mzazi mwenzako wa shuleni. Anajibu palepale, "Hiyo ya kilo mbili bado ipo?" Mnamalizana kwa lipa namba, boda anaondoka na boksi. WhatsApp Business, iliyotoka 2018, ni ya bure na ina katalogi ya picha na bei.

Mimi ningeanza na stetasi, na kila anayechukua keki ningemwomba ahifadhi namba kabla hajaondoka. Instagram ningeipa siku moja tu kwa wiki, ile yenye oda ya harusi.