Mashine ya kukoroga iliyozimika kazi ikiwa jikoni

Msiinunue. Nimeshasema, sasa nieleze.

Natengeneza vifuko vidogo mno vya nta vya kuhifadhi joto. Natumia oktadekeni, aina ya nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 28. Kila tone linavishwa ganda lake la plastiki ya melamini na fomaldehidi, kisha unga unaopatikana unachanganywa kwenye plasta. Mchana nta inayeyuka na kumeza joto la ukuta, takriban kilojuli 240 kwa kilo. Usiku inaganda na kulitoa. Kwa joto letu la Dar, nyumba ya bati isiyo na feni, hili si jambo dogo.

Roho ya kazi ni mkorogo. Nta iliyoyeyuka unaipasua ndani ya maji yenye sabuni mpaka matone yawe madogo kuliko jicho linavyoweza kuona, halafu unatia asidi kidogo kidogo na kupasha moto huku ukikoroga kwa masaa, ganda lijijenge. Ukiacha kukoroga kabla ganda halijakomaa, matone yanarudiana.

Na mashine ikaacha. Asidi imeshaingia, joto limefika nyuzi 70, nikasikia harufu ya waya unaoungua na fimbo ikasimama. Nilikoroga kwa mkono mpaka bega likafa ganzi. Wapi! Nta ilipanda juu mbele ya macho yangu, plastiki ikagandia kwenye kuta za bika, chombo cha kukorogea, na ilipopoa nikatoa bonge la nta kama kipande cha sabuni ya kufulia. Oktadekeni safi haiuzwi kwa bei ya mishumaa, jamani.

Nikapiga simu dukani. Kijana akanisikiliza nusu, akaniuliza, "Dada, kwani ulikuwa unakoroga nini, ugali?" Wenzake wakacheka nyuma yake. Nikamwambia, "Kaka, mimi ni mteja wako, nina risiti." Akasema gharanti haihusu matumizi mabaya, akakata.

Fundi wangu wa Kariakoo alipoifungua alikuta mota haina feni ya kupozea. Haikuvunjika, haikuwepo kabisa, na mahali pake pana vumbi la zamani. Hiyo ndiyo waliyoniuzia kama mpya! Alisuka mota upya, akafunga feni, na tangu hapo inazunguka toka asubuhi mpaka jioni bila kuchoka. Chini ya hadubini vifuko vinatoka mviringo, vimelingana, vinapendeza kuviangalia.

Kwa hiyo nafuta nilichosema juu. Mashine yenyewe ni nzuri, nunueni, ila msinunue kwa wale. Na kabla hujatoa hela, popote utakapokwenda, mwambie muuzaji afungue kifuniko cha mota ukiwa umesimama hapo. Akikataa, ondoka. Mimi hela ya oktadekeni naidai mpaka leo, na simu zangu hawapokei.