Lugha tatu kwa mpigo au moja moja?

Wadau, sie tunaopeleka wageni Ngorongoro na Tarangire hili swali linatuhusu sana: usome Kijerumani, Kifaransa na Kihispania kwa pamoja dakika kumi kumi kila siku, au ukomae na moja mpaka ikae ndo uende nyingine?

Mi nimejaribu zote. Kwa pamoja haikuchoshi, asubuhi kwenye hiace kutoka Usa River mpaka Arusha mjini nasikiliza Kijerumani, mchana nikisubiri wageni Kifaransa, usiku Kihispania kabla sijalala, na hicho kidogo cha kila siku kinakaa kichwani kuliko kukesha Jumapili moja, Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alishaonyesha toka 1885 kwamba kurudia siku tofauti tofauti kunashinda kukariri kwa mkupuo. Ila zinazofanana zinavuruga aisee. Nilipoongeza Kiitaliano juu ya Kihispania, neno burro lilinichanganya kabisa, kwa Mhispania ni punda, kwa Muitaliano ni siagi, na mgeni yuko mezani anasubiri siagi ya mkate wake!

Moja moja inachelewa kukufungulia wageni wengi, lakini miezi sita ya Kijerumani peke yake ndo ilinifanya nieleze tembo anavyobandua gome la mbuyu bila kukwama.

Kama unaanza sifuri, mi nasema moja moja. Ikishakaa, ongeza isiyofanana nayo, Kijerumani na Kihispania zinaenda freshi tu, ila Kihispania na Kiitaliano usizianze mwaka mmoja.